Biashara ya kukesha

Kwa aliyewahi kufanya kazi Dubai, Doha au Muscat, Mfilipino si mgeni. Ndiye muuguzi wa wodini, baharia wa meli ya mizigo, mpokea wageni hotelini, yaya wa nyumba ya jirani. Ufilipino imesafirisha watu wake kwa miongo mingi hadi ikaunda wizara nzima ya wafanyakazi wa ng'ambo. Mwaka 2023 fedha walizotuma nyumbani kwa njia ya benki zilifika dola bilioni 33.5. Mwaka huohuo kazi nyingine, ambayo waajiriwa wake hawaombi viza wala kupanda ndege, iliingiza dola bilioni 35.5 kwa hesabu za chama cha kampuni zinazoiendesha. Ni kazi ya kupokea simu za watu wa mbali, kusikiliza malalamiko yao na kuwatunzia hesabu za ofisi. Watu milioni 1.7 walikuwa wakiifanya mwaka huo, na wakilala nyumbani kwao. Wengi hulala mchana.

Wachumi wakieleza jinsi kazi hizo zilivyotoka Marekani na Uingereza kwenda Asia, hutaja mishahara midogo na Kiingereza. Sawa, lakini mishahara midogo na Kiingereza vimejaa pia Lagos na Kampala, na simu hazikuhamia huko kwa kiwango hicho. Mimi naona bidhaa iliyouzwa zaidi ni usiku. India na Ufilipino zilikubali kuuza usiku wao kwa jumla, na ili biashara iende zikabadilisha sheria, usafiri, saa za kula na hata majina ya vijana wao.

Tazama saa. Wakati wa kiangazi cha Marekani, New York ikifungua ofisi saa tatu asubuhi, Manila ni saa tatu usiku. New York ikifunga saa kumi na moja jioni, Manila ni saa kumi na moja alfajiri. California, iliyo nyuma kwa saa tatu, ikifunga, Manila jua limeshatoka na watoto wako njiani kwenda shule. Ndiyo maana katika Makati au Eastwood, huko Quezon City, foleni za lifti ni ndefu wakati watu wa miji mingine wanatandika vitanda. Migahawa ya Jollibee huuza kuku usiku kucha. Kuna baa zinazopunguza bei ya bia asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo jioni ya wateja wao.

Kituo cha simu chenyewe hakikuzaliwa Asia. Mwaka 1973 kampuni ya Rockwell iliitengenezea Continental Airlines mtambo wa kugawa simu zinazoingia, kila simu ikaenda kwa mhudumu aliye huru bila kupitia mkono wa opereta. Hesabu ya watu wangapi wakae zamu ni ya zamani zaidi. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni za kukadiria mpiga simu atasubiri muda gani ikiwa simu ni nyingi na laini ni chache. Alikuwa akitatua tatizo la waya na swichi. Karne moja baadaye kanuni zake ndizo zinazoamua mhudumu wa Cebu aende msalani saa ngapi. Lengo lililozoeleka katika biashara hii ni kwamba asilimia 80 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 20. Kulifikia lengo hilo bila kulipa watu wa ziada kunataka kila anayenyanyuka kitini ahesabiwe, na kompyuta huhesabu. Inajua umezungumza dakika ngapi, umenyamaza sekunde ngapi, umemshikisha mteja laini mara ngapi.

Walioanza kwa kishindo ni Wahindi. Katikati ya miaka ya 1990 American Express ilikuwa tayari inafanyia Delhi sehemu ya uhasibu wa matawi yake ya nchi nyingine. Kutoka humo akatokea Raman Roy, mhasibu ambaye Wahindi humwita baba wa biashara hii. Mwaka 1997 General Electric ilianzisha kituo chake Gurgaon, pembezoni mwa Delhi, na Roy akawa miongoni mwa waliokijenga. Mwaka 2000 alianzisha kampuni yake, Spectramind, na miaka miwili baadaye ikanunuliwa na Wipro. Kituo cha General Electric nacho kiliuzwa kwa sehemu kubwa mwaka 2004, na leo ndicho kampuni ya Genpact.

Lakini mtaji wa Roy na wenzake usingefaa kitu kama simu ya kimataifa ingebaki ghali. Shirika la serikali la VSNL lilihodhi simu zote za nje ya India mpaka Aprili 2002. Huko Magharibi nako kampuni zilikuwa zimetandaza nyaya chini ya bahari kupita kiasi, zikiamini intaneti itazitajirisha zote. Global Crossing, mojawapo ya kubwa zaidi, ilifilisika Januari 2002. Nyaya hazikung'olewa. Zilibaki palepale chini ya maji, zikauzwa kwa bei ya kutupa, na waliozinunua walitoza kidogo. Kwa hiyo hasara ya wawekezaji wa Marekani ndiyo iliyofanya mazungumzo ya nusu saa kati ya Bangalore na Texas yawe na gharama ya kupuuzwa. Mara nyingi hadithi ya India husimuliwa kama matunda ya sera nzuri. Bahati ya kufilisika kwa wengine haitajwi sana.

Kilichokuwa kigumu kuliko nyaya ni usiku. Sheria ya viwanda ya India ya mwaka 1948 ilikataza wanawake kufanya kazi kiwandani kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Jimbo la Karnataka, lenye mji wa Bangalore, lilikuwa na sheria ya maduka na ofisi ya 1961 yenye katazo la namna hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni za teknolojia zilisamehewa, kwa masharti ya usafiri na ulinzi. Hapo ndipo barabara za Bangalore, Gurgaon na Pune zilipojaa magari ya kukodi yanayokwenda mlango kwa mlango kuchukua vijana, kina baba wakichungulia dirishani kuona binti kapanda gari la nani.

Desemba 2005, Bangalore, binti mmoja alipanda gari lililokuja kumchukua kwa zamu ya usiku, na dereva akamuua. Mtu huyo alihukumiwa. Lakini jambo lililoitikisa sekta ni kwamba mkuu wa kampuni iliyomwajiri binti huyo naye alifunguliwa mashtaka, chini ya sheria ileile ya maduka na ofisi, kwa madai kwamba sharti la ulinzi halikutimizwa. Alikwenda hadi Mahakama ya Juu ya India kuomba kesi ifutwe, na mwaka 2008 mahakama ilikataa kuifuta. Tangu hapo mlinzi ndani ya gari, na kanuni kwamba mwanamke asiwe wa kwanza kuchukuliwa wala wa mwisho kushushwa, vikawa mambo ya kawaida. Usiku ulikuwa umepata gharama nyingine ambayo haikuwamo kwenye makadirio ya awali.

Kisha majina. Aliyeitwa Sunita nyumbani aliitwa Sandra akiwa zamu. Madarasa ya mafunzo yalifundisha sheria za mpira wa Kimarekani, majimbo 50 na hali ya hewa ya kila moja, na namna ya kutamka herufi t ili isisikike ya Kihindi. Lengo rasmi lilikuwa kusawazisha lafudhi, isijulikane mtu katoka wapi. Mshahara wa kuanzia, takriban dola 200 kwa mwezi, ulimtosha kijana kununua pikipiki na kuwalipia wazazi bili, na hakuna haja ya kumcheka aliyeubadilishia jina. Katika filamu ya Slumdog Millionaire ya mwaka 2008, Jamal, kijana wa Mumbai, anafanya kazi katika kituo cha namna hii, lakini yeye hapokei simu. Anapeleka chai. Watunzi walielewa ngazi za mle ndani.

Upande wa pili wa laini watu walikuwa wamekasirika. Mwaka 2002 kampuni ya utafiti ya Forrester ilitabiri kwamba Marekani ingepoteza ajira milioni 3.3 za ofisini kufikia 2015, na namba hiyo ikaingia kwenye siasa kama petroli. Novemba 2003 Dell iliacha kupeleka Bangalore simu za wateja wake wakubwa wa makampuni, baada ya malalamiko. Wateja wa kawaida wa nyumbani waliendelea kuhudumiwa kulekule, jambo ambalo lenyewe linaeleza nani husikilizwa akilalamika. Februari 2004 Gregory Mankiw, mshauri mkuu wa uchumi wa Rais George W. Bush, alisema kwamba kununua huduma kutoka nje ni biashara kama biashara nyingine na huenda ikaifaa Marekani kwa muda mrefu. Wabunge wa chama chake mwenyewe walimrukia. John Kerry, aliyekuwa akiwania urais mwaka huo, aliwafananisha wakuu wa makampuni yanayohamisha ajira na Benedict Arnold, msaliti maarufu wa vita vya uhuru vya Marekani. Uingereza nayo, baada ya BT, HSBC na Prudential kupeleka simu India, benki ziligundua kwamba kutangaza vituo vilivyo nyumbani kunavuta wateja. Mwaka 2011 Santander ilirudisha zake.

Katika kelele zile, taasisi ya utafiti ya McKinsey ilitoa mwaka 2003 hesabu ambayo ingepaswa kusomwa zaidi Delhi kuliko Washington. Kwa kila dola moja ya kazi iliyohamishiwa India, ilikadiria, uchumi wa Marekani ulipata dola 1.12 au zaidi kidogo, kwa kupungua gharama, kwa mauzo ya bidhaa za Marekani India, kwa faida inayorudi, na kwa watu kuhamia kazi nyingine. India ilibaki na senti 33. McKinsey huwashauri wakuu wa makampuni, hivyo mtu anaweza kuhoji ile 1.12, hasa akiwa ni mtu wa Ohio aliyefukuzwa kazi na asiyehamia kwingine kokote. Zile 33 sijaona sababu ya kuzihoji.

Karibu mwaka 2010 Ufilipino iliipita India kwa idadi ya wapokea simu. India ilibaki na kazi za kuandika programu na uhasibu mzito, ambazo zinalipa zaidi. Sababu moja ya Manila kushinda kwenye sauti ni ya kikoloni waziwazi. Agosti 1901, miaka mitatu baada ya Marekani kuvinyakua visiwa hivyo kutoka kwa Hispania, meli ya jeshi iliyoitwa Thomas ilishusha Manila walimu wa Kimarekani wapatao 500. Kiingereza kilichofundishwa kilikuwa cha Kimarekani, pamoja na mpira wa kikapu na vichekesho vya Hollywood vilivyofuata. Mfilipino hakuhitaji darasa la kumweleza Krismasi ya Chicago ikoje. Sababu ya pili ni sheria ya mwaka 1995 ya maeneo maalumu ya uchumi, ambayo iliruhusu hata jengo moja la ghorofa mjini kuhesabiwa kuwa eneo maalumu na kusamehewa kodi. Na usiku ulishughulikiwa: mwaka 2011 Bunge la Manila lilifuta kabisa katazo la wanawake kufanya kazi usiku lililokuwa kwenye sheria ya kazi. Nyongeza ya zamu ilibaki ileile ya zamani, asilimia 10 ya mshahara kwa kila saa kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Kazi yenyewe huelezwa vibaya na wasioijua. Hudhaniwa ugumu wake ni Kiingereza. Ugumu ni kwamba anayepiga simu ameshakasirika kabla hujasema haloo, na wewe huna uwezo wa kumtatulia. Hakuna anayepigia benki simu kuishukuru. Mhudumu ana maandishi ya kusoma, ana kiwango kidogo cha fedha anachoruhusiwa kurudisha, na juu ya hapo lazima aombe ruhusa kwa msimamizi ambaye naye ana kiwango chake. Wenye uamuzi wa kubadilisha ada iliyomkera mteja wako New York, na kwao simu haifiki. Mpangilio huu si ajali. Kampuni iliyohamisha simu ilihamisha sauti ya kuomba radhi, mamlaka ikabaki nayo. Mtu anayetukanwa saa tisa usiku kwa sababu ya ada ambayo hakuiweka, hawezi kuiondoa, na haimpi hata senti, huchoka kwa namna ambayo mshahara hauitibu, na kuacha kazi kumekuwa ugonjwa wa kudumu wa sekta hii tangu Gurgaon.

Tena mwajiri wake si benki hiyo. Ni mkandarasi, aghalabu Teleperformance ya Paris au Concentrix ya California, ambaye jina lake mteja halisikii hata siku moja. Mkataba ukiisha benki haifukuzi mtu. Inaacha tu kununua huduma. Watu wa Nairobi wameuona mpangilio huo mahakamani. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook jijini humo kupitia mkandarasi Sama, aliwashtaki Sama pamoja na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Meta ilijitetea kwamba haina makao Kenya na haipaswi kushtakiwa huko. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema inaweza kushtakiwa.

Biashara hii ina kivuli pia, na kivuli hicho kimetufikia. Oktoba 2016 polisi wa Thane, karibu na Mumbai, walivamia majengo ya Mira Road na kukuta vijana zaidi ya 700 wakiwapigia Wamarekani simu na kujifanya maofisa wa kodi. Ujuzi ni uleule: lafudhi, maandishi ya kusoma, zamu ya usiku. Miaka michache baadaye mtindo huo ulihamia kwenye maboma ya Kambodia na mpakani mwa Myanmar na Thailand, karibu na Myawaddy, kwa ukatili mkubwa zaidi. Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 Myanmar na 100,000 Kambodia walikuwa wakilazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni. Vijana wa Kenya na Uganda wamo. Waliahidiwa kazi ya huduma kwa wateja Thailand, wakapokewa Bangkok, wakavushwa mto na kunyang'anywa pasipoti. Serikali ya Kenya ilianza kutoa onyo mwaka 2022, na Februari 2025 maboma kadhaa yalipofunguliwa, Wakenya walikuwa miongoni mwa waliotoka. Tangazo lililowanasa liliaminika kwa sababu kazi ya halali ya namna hiyo ipo kweli, tena kwa mamilioni.

Sasa mashine zinaingia, na zinaingia kwanza kwenye lafudhi. Kampuni ya Sanas, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, inauza programu inayobadilisha matamshi papo hapo: mhudumu anaongea Kiingereza chake cha Kihindi, mteja anasikia kitu kinachokaribia cha Kimarekani. Mwanzoni mwa 2025 Teleperformance ilisema inaitumia kwa wahudumu wake wa India. Yale madarasa ya herufi t yamepata mbadala. Februari 2024 Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza kwamba akili mnemba yake inafanya kazi ya wahudumu 700, na hisa za Teleperformance zikaporomoka. Mwaka uliofuata mkuu wa Klarna, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba ubora ulishuka na wakaanza kuajiri watu tena. Nisingeichukua hatua hiyo kuwa nafuu. Maswali mepesi, ya salio na ya kusahau nywila, mashine itayachukua; yatakayobaki kwa binadamu ni yale ambayo mteja amefika mwisho wa subira, na zamu iliyojaa simu za aina hiyo peke yake haijawahi kufanywa na mtu yeyote, hata Manila.

Na hapa ndipo Afrika Mashariki inapobisha hodi. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, ya pili ikitokea Fujairah, na EASSy ikafuata 2010. Dira ya Kenya ya 2030 iliitaja kazi ya kupokea simu za nje kuwa nguzo mojawapo ya uchumi. Nairobi imevuna kiasi, na wengi wanataka zaidi. Kabla ya kushangilia mkataba wowote ningeuliza kwanza simu zinatoka wapi. Simu za Uingereza tungezipokea mchana: hata majira ya baridi, London ikifunga saa kumi na moja jioni, Dar es Salaam ni saa mbili usiku. Simu za Marekani ni habari nyingine. New York ikifungua, kwetu ni saa kumi alasiri wakati wa kiangazi chao. Ikifunga ni saa sita usiku. California ikifunga ni saa tisa usiku, na daladala hakuna.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nyongeza anayodaiwa mwajiri kwa kila saa ya usiku ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi, nusu ya ile ya Manila, na wanaotafuta kandarasi za simu hakika wameshaisoma.